Daftari la Mkweche

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Hamugembe. Mvua imenyesha usiku kucha na bado inadondoka kutoka kwenye migomba. Corolla ya jirani yangu imegoma kuwaka. Kabla hajazungusha ufunguo mara ya tatu, madaktari wameshafika. Wa kwanza ni kijana wa bodaboda: "Hizo plagi." Wa pili anapita na dumu la maziwa: "Betri hiyo, mzee, betri." Wa tatu ni mwalimu mstaafu aliyewahi kumiliki Peugeot 504: "Pampu ya mafuta. Yangu ilianza hivihivi, waitu." Wa nne, mwanafunzi mwenye begi mgongoni, anasema ni kompyuta. Wa tano hasemi kitu. Anapiga tairi teke, anatikisa kichwa kama mtu aliyetoka kuaga maiti, anaendelea na safari yake.

Boneti likafunguliwa. Waya mkubwa wa betri ulikuwa umeshikizwa kwa msumari na kipande cha kopo la soda kilichokunjwa mara tatu. "Hapo," jirani akakumbuka, "nilishikiza Kemondo, ili nifike tu nyumbani." Lini? Akahesabu kwa vidole. Miezi minane iliyopita.

Ugonjwa mkubwa wa magari yetu ya zamani, kuanzia Bukoba mjini mpaka Muleba na vijiji vyake, ndio huo. Uzee wa gari unasingiziwa mengi. Corolla na Carina za miaka ya 1990 zilitengenezwa ili zitengenezeke, na fundi mwenye spana na akili anaweza kuzitunza miaka mingi. Kinachoziua ni dawa ya njiani iliyohamia nyumbani ikapewa chumba. Mwongozo huu ni wa mwenye mkweche anayeupenda, anayetaka umfikishe Rubya hospitali na umrudishe, na asiye na fedha ya kununua mwingine.

Kwanza, nunua daftari

Kabla ya spana, nunua daftari dogo kama lile la mwenye duka anayekopesha. Andika tarehe, kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi, kilichotengenezwa na aliyekitengeneza. Kisha weka safu ya mwisho na uiite "deni". Kila kilichofungwa kwa kamba, kuzibwa kwa mti, kubanwa kwa msumari au kugundishwa kwa gundi kinaingia humo, na hakifutwi mpaka kilipwe kwa spea na kazi ya kweli.

Sidharau ufundi wa njiani. Aliyegundua kwamba sabuni ya mche ikisuguliwa kwenye tangi linalovuja petroli huziba kwa muda, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni, ameokoa watu wengi wasilale porini. Mpira wa ndani wa baiskeli ukikatwa mkanda mrefu na kuzungushiwa bomba la rejeta lililopasuka, unakufikisha. Hata soksi ndefu ya nailoni iliwahi kufanya kazi ya mkanda wa feni kwa kilomita chache. Hizo ni dawa halali, na mwisho wa kila moja ni mlangoni kwako. Ukishafika, umekopa. Lipa.

Gari haliwaki

Usianze na plagi kwa sababu kijana wa bodaboda ametaja plagi. Washa taa kubwa, kisha zungusha ufunguo huku mwenzako akizitazama. Taa zikififia mpaka kubaki kama makaa, tatizo ni umeme: betri imekwisha au nyaya zake hazishiki. Taa zikibaki kali na ukasikia "tik" moja tu, shuku stata. Stata ikizunguka kwa nguvu na injini isishike, achana na betri kabisa. Tafuta mafuta na moto wa plagi. Jaribio hili ni la dakika moja na halina gharama, na lingewafukuza wale madaktari wote watano.

Kwenye betri, tazama vichwa vyake. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, huo ndio mwizi wa asubuhi. Toa waya wa hasi kwanza, halafu wa chanya. Sugua kwa brashi na maji ya moto yenye magadi, suuza, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza kwa spana, paka grisi juu. Ufuate na ule waya wa hasi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Hapo ndipo kutu ya Bukoba hupenda kulala, na wengi wamenunua betri mpya kumbe aliyekuwa mgonjwa ni bolti moja.

Kama una kipima volti, betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwa inaunguruma, usomaji upande mpaka kati ya 13.8 na 14.4, ukibaki chini ya hapo, alteneta au mkanda wake haufanyi kazi, na betri mpya utakayonunua leo itakufa kama ya jana. Wapo wanaopima alteneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka. Waambie waache. Umeme unaoruka wakati ule unaweza kuchoma alteneta na vifaa vyote vya elektroniki, na kipimo cha bure kikakugharimu mshahara.

Na ndugu zangu wenye kupenda kusaidia: gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Niliwahi kuwaona vijana saba wakisukuma Carina ya otomatiki, wakiimba, jasho likiwatiririka, mwenye gari ndani akiwahimiza waongeze bidii. Wangeisukuma mpaka Biharamulo na injini isingesikia kitu. Gari hilo linabustiwa: chanya kwa chanya, hasi ya betri nzima kwenye chuma cha injini ya gari bovu, mbali na betri yake.

Gari linamisi siku ya mvua

Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili mawingu ya ziwani huja kama yanadai kodi. Magari mengi ya miaka ya 1990 yana distribyuta, ile kofia nyeusi yenye nyaya za plagi, na adui yake mkubwa ni unyevu. Dalili inajulikana: asubuhi ya mvua linakohoa, linatetemeka, halivuti, saa nne jua likitoka linapona lenyewe, na mwenye gari anasahau. Kesho yake wanaanza upya.

Fungua kofia, ifute kwa kitambaa kikavu ndani na nje, kisha iangalie kwa tochi. Ukiona mstari mwembamba mweusi kama unywele, kofia imepasuka na moto unapita humo. Kubadilisha kofia si anasa. Nyaya zake zipime usiku: subiri giza, zima taa zote za nje, washa injini, fungua boneti, puliza maji machache kama ukungu kwa chupa ya kunyunyizia. Waya uliochakaa utajisema wenyewe, utaona nyuzi za moto wa bluu zikicheza juu yake kama vimulimuli. Mikono yako ikae mbali, na shati lisining'inie. Utakuwa umeona kwa macho yako kile ambacho gereji ingekuuzia kwa kubahatisha.

Plagi nazo zina lugha. Ichomoe ukaitazame ncha. Ikiwa na rangi ya kahawia kavu, kama robusta yetu iliyoanza kukaangwa, silinda hiyo ina afya. Masizi makavu meusi ni mafuta kuzidi au filta ya hewa kuziba. Mafuta mafuta meusi yanayong'aa ni oili inayopenya, na hapo plagi mpya ni kumpaka mgonjwa poda. Zipange mezani kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza mpaka ya nne, usizichanganye, maana anayeumwa ni silinda na lazima ujue ni ipi.

Gari linachemsha

Hapa tutakaa, kwa sababu injini nyingi zinafia hapa, na nyingi zinauawa na ushauri.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji ya sufuria ya Bukoba huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ukipanda Kamachumu yanachemka mapema zaidi. Kinachozuia rejeta isichemke mapema hivyo ni mfuniko wake, ule wenye springi, unaoshikilia presha na kuyapandishia maji uvumilivu kwa nyuzi 20 na zaidi. Mfuniko mara nyingi umeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo presha yake. Mpira wake ukikatika, gari linachemsha mlimani hata kama rejeta ni mpya. Hata hivyo utakuta mwenye gari ameshazibua rejeta mara mbili na kubadilisha pampu ya maji, na juu yake kumefungwa mfuniko uliolegea, umekazwa na kitambaa cha fulana. Andika: deni.

Likikuchemkia njiani, egesha, zima kiyoyozi, washa hita mpaka mwisho na feni yake; utatokwa jasho, lakini joto linatoka kwenye injini kuja kwako, na wewe unaweza kushuka. Zima injini, fungua boneti, kaa pembeni. Mfuniko usiuguse kwa nusu saa. Mtu anayefungua rejeta ya moto kwa haraka anaunguzwa uso na kifua kwa mvuke, na hakuna kikao cha Muleba kinachostahili haraka hiyo. Maji ya baridi usiyamwage kwenye injini ya moto, chuma hupasuka. Subiri ipoe, ongeza taratibu.

Sasa thamostati. Ni kifaa kidogo kama kizibo chenye springi, kinachokaa njia ya maji. Injini ikiwa baridi kinafunga ili ipate joto haraka; kwa Toyota nyingi kinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kwetu kuna sheria isiyoandikwa kwamba thamostati ni ya nchi za barafu, kwa hiyo fundi akiiona anaitoa na kuitupa, na mwenye gari anamshukuru. Kaka, dada, usishukuru. Injini isiyo na thamostati inatembea baridi muda mrefu, kompyuta yake inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili haipati joto la kukausha unyevu, na ringi zinakwisha kabla ya siku zake. Unalalamika gari linakunywa. Umelinyima koti, linajipasha moto kwa petroli yako.

Ipime kabla ya kuihukumu. Chukua sufuria ya zamani, isirudi tena kupika ndizi wala kitu chochote cha kula, kwa sababu maji ya rejeta yenye dawa ni sumu. Jaza maji, funga thamostati kwa uzi, ining'inize isiguse chini, weka kwenye jiko. Mimi niliifanya kazi hii uani, watoto wamezunguka kama wanasubiri senene. Maji yakaanza kutoa vitone pembeni, hayajachemka, na kile kizibo kikaanza kusogea polepole, unywele kwa unywele, mpaka mwanga ukapita katikati. Hiyo ilikuwa nzima na ilirudi kwenye gari. Ikiwa maji yanachemka mbele ya macho yako na bado imenuna, hiyo imekufa. Nunua nyingine, ufunge na gasketi yake.

Kuhusu maji yenyewe: ya mtoni na ya bomba yana chumvi na uchafu, na baada ya miezi utafungua rejeta ukute chai ya rangi. Hiyo ni kutu ya injini yako. Dawa ya rejeta huzuia kutu na huongeza nyuzi za kuchemka, kwa hiyo hoja ya kwamba Kagera hakuna barafu haina miguu. Changanya nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi.

Na kama injini ikiwa baridi, mfuniko wazi, ukiiwasha unaona mapovu yakipanda mfululizo kwenye rejeta, au oili kwenye kijiti imegeuka chai ya maziwa, simama hapo hapo. Gasketi ya silinda hedi imepasuka. Usiliendeshe mpaka sokoni, hata kama ni kushuka tu. Kila kilomita unayoongeza inaihamisha bili kutoka kwenye gasketi kwenda kwenye injini nzima.

Moshi wa bluu, mweusi, mweupe

Hili ni fupi. Bluu ni oili inayoungua: ringi au sili za valvu. Mweusi ni petroli kuzidi hewa. Mweupe mzito usiokata hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweupe mwepesi wa asubuhi ya baridi unaopotea baada ya dakika chache ni mvuke tu, na hauhitaji daktari.

Magari yanayokula oili hayakatazwi kuishi, yanakatazwa kusahauliwa. Pima kijiti kila Jumapili kabla ya ibada au kila Ijumaa kabla ya swala, gari likiwa kwenye tambarare na injini imepumzika. Injini iliyokaukiwa oili haitoi onyo la pili.

Breki, na mteremko wa Kamachumu

Anayeshuka kutoka Kamachumu kuelekea Muhutwe, gari limejaa watu na mikungu ya ndizi, anaijua ile harufu ya breki zinazoungua. Breki zikipata moto sana, mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani kidogo kidogo. Yakishalowa, kiwango kinaweza kushuka mpaka 140. Mji wetu hauna upungufu wa unyevu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa kama sponji, na pedali inazama mpaka chini huku tairi hazina habari. Kwa hiyo mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka miwili hata kama hayajapungua, na dumu lililoachwa wazi dukani halinunuliwi.

Yakipungua, tafuta yanapovujia. Nimemwona dereva akijazia kikopo cha breki maji ya sabuni. Nimemwona mwingine akitia oili ya injini. Huyu wa pili aliona breki zimepona siku mbili; siku ya tatu mipira yote ya ndani ilikuwa imevimba na magurudumu yakajifunga yenyewe. Katika daftari, hili halina safu ya deni. Breki hazikopwi. Ukivujiwa njiani, gari linalala pale, wewe unapanda basi.

Mlimani shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, namba mbili au hata moja. Kwenye otomatiki tumia 2 au L. Kuna imani kwamba kuweka nyutro mteremkoni kunaokoa mafuta. Gari lenye mfumo wa sindano likishuka kwenye gia, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, kompyuta hukata petroli; kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizime. Kwa hiyo mwenye nyutro ameacha breki ya injini na hakuokoa hata tone.

Pedi zikibaki milimita 3 zibadilishwe. Zikianza kulia kama chuma kwenye chuma, umeshachelewa na sasa unakula diski. Tairi nazo zina umri ulioandikwa ubavuni: baada ya herufi za DOT tafuta tarakimu nne za mwisho. 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa mzee aliyepakwa piko. Soma kwanza, lipa baadaye. Na stika ya Nenda kwa Usalama ibandike kwenye kioo kwa heshima zote, ila ujue kwamba stika haishiki lami.

Fundi na spea

Fundi mzuri ni mali ya mji mzima, na wengi nimewaona Rwamishenye na Kashai chini ya mabati ya kupangisha, mikono imeiva oili, wakisikiliza injini kama mkunga anavyosikiliza tumbo. Msaidie. Mweleze dalili, usimpe hukumu. Ukifika ukasema, "Fundi, nibadilishie pampu ya mafuta," atabadilisha, atapokea fedha, na gari litabaki na ugonjwa wake. Sema hivi: "Fundi, likipata moto linazima, likipoa linawaka, na limeanza wiki mbili zilizopita." Mpe daftari alisome. Kubalianeni bei kabla ya spana kugusa bolti. Kazi ikiisha, sema, "Nirudishie ile ya zamani." Fundi mwaminifu ameshaiweka pembeni kabla hujaomba.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andika namba ya chasi na alama ya injini, zote ziko kwenye kibati ndani ya boneti. Corolla mbili za umbo la 110 zinafanana kama mapacha, lakini moja ina injini ya 4E ya cc 1,300, nyingine 5A ya cc 1,500, na spea haziingiliani ovyo. Spea ikiagizwa Mwanza, Kampala au Dar es Salaam halafu ikaja isiyo yake, umelipa nauli ya kosa mara mbili. Injini hizo mbili zina mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Probox na IST zenye injini ya 1NZ zina cheni. Ukinunua gari la mkononi na hujui mkanda ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Spea ya mtumba iliyotoka kwenye gari la Japani mara nyingi inaishinda mpya ya kughushi: taa, alteneta, mlango, hata gia boksi. Ila pedi za breki, mikanda, mabomba ya maji na tairi nunua vipya na halisi. Vitu hivyo vinazeeka hata vikiwa vimelala kwenye shelfu.

Likikufia barabarani

Kutoka Bukoba hadi Muleba ni zaidi ya kilomita 60 za kona, vilima na ukungu wa asubuhi. Likizima, sogeza pembeni kadiri unavyoweza, weka pembetatu zako nyuma na mbele, mbali kiasi kwamba basi linalokuja lina nafasi ya kusimama. Huna pembetatu? Utavunja matawi na kupanga majani ya mgomba barabarani, na kila dereva wa nchi hii anaelewa lugha hiyo. Utaweka na jiwe kubwa nyuma ya tairi ili gari lisirudi. Ni dawa za njiani, na ni halali.

Kisha gari linawaka. Watu wanashangilia, milango inafungwa, safari inaendelea. Jiwe linabaki katikati ya lami.

Saa mbili usiku anakuja kijana wa bodaboda kutoka Izigo, taa yake moja haioni mbali, nyuma amempakia mama na mtoto. Jiwe halijui kwamba lilikuwa la muda.

Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu. Deni la msumari kwenye betri unalilipa mwenyewe, asubuhi ya mvua, na majirani wanacheka. Deni la breki, la tairi na la jiwe wanalilipa watu ambao hukuwahi hata kuwasalimia. Kwa hiyo leo jioni fungua boneti, tafuta kila kamba, kila mpira na kila msumari, viandike, uanze kulipa kimoja kila mwisho wa mwezi, ila breki zisisubiri. Na siku gari likikufia barabarani, ukishaliwasha usiondoke kwanza. Shuka, okota jiwe lako na matawi yako, weka mtaroni, ndipo uende.